Bustani za shule zifuate mvua, si ratiba

Hapana zao la kufundishia kilimo linaloshinda vitunguu vya majani. Mbegu huota kwa siku 7 hadi 14, na baada ya miezi miwili au mitatu majani huwa tayari kuvunwa. Muhula mmoja hukaribia kutosha.

Ajabu ni kwamba shule nyingi huvipanda pindi milango inapofunguliwa, mawingu yawepo yasiwepo. Vitabu vya Ulaya navyo havitufai. Huko mkulima husubiri baridi ipungue. Sisi twasubiri maji. (Mwanga si hoja kwetu, kwani mchana wa ikweta ni wa saa 12 hivi mwaka mzima.)

Na maji hayo hayaji kwa pamoja kote nchini. Kitale mvua huanza Machi au Aprili, ikaendelea hata baada ya Agosti. Pwani kilele chake ni Mei. Limuru hupata mvua za masika na za vuli, lakini Julai yake ina baridi na unyevu unaoleta maradhi ya ukungu kwenye majani. Ukambani, mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Disemba, ambayo hushika kasi wakati muhula wa tatu unapokwisha. Vipi basi ratiba moja iwafae wote hawa?

Mtoto aliyeona tuta likikauka miaka miwili mfululizo hupata somo moja tu: kwamba kilimo ni kupoteza jasho. Somo hilo halifutiki kwa maksi.

Kwa hiyo, nionavyo mimi, kila shule na ipime mvua yake. Chupa ya plastiki na rula vyatosha kuanzia. Wanafunzi wa jiografia waandike milimita za kila siku, mwaka baada ya mwaka. Mwalimu wa Kitui naye asie mbegu kitaluni mwezi wa Septemba, mahali padogo panapotoshelezwa na ndoo moja ya maji, juu pakiwa na kivuli cha nyasi. Mvua ikinyesha sawasawa, miche ihamishwe.

Wakuu wa shule watauliza: nani atakayevuna likizoni? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba miche isibaki shuleni. Kila mwanafunzi apewe kumi au ishirini, akaipande kwao kabla ya shule kufungwa, na Januari alete daftari linaloonyesha alipanda lini, mvua ilinyesha siku ngapi, na alivuna mafungu mangapi.