Kuchagua Manifoldi ya Ekzosi kwa Pikapu ya Kazi

Imani iliyoenea miongoni mwa wenye magari ni kwamba moshi ukifunguliwa njia pana, injini hupata nguvu. Kwa imani hiyo mwenye pikapu huing'oa manifoldi ya chuma cha kusubu iliyotoka kiwandani, na mahali pake huweka manifoldi ya mabomba ya chuma cha pua, bomba moja kwa kila silinda, yaliyopindwa na kulehemiwa pamoja. Gari hunguruma kwa sauti mpya, na mwenyewe husadiki kuwa fedha zake hazikupotea. Sauti ameipata, hapana shaka. Kuhusu nguvu, yafaa suala lipimwe kwa elimu ya mawimbi, elimu ambayo wanafunzi wa sekondari hufundishwa kwa kamba na filimbi, na mara chache mno kwa gari lililoegeshwa kwenye uwanja wa shule yao.

Vali ya kutolea moshi hufunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa. Wakati huo gesi iliyomo silindani ingali na kanieneo kubwa, nayo hutoka kwa kishindo. Kishindo hicho ni wimbi. Husafiri ndani ya bomba kwa mwendo wa sauti; lakini kwa kuwa gesi ni ya moto sana, mwendo huo si mita 340 kwa sekunde kama katika hewa ya kawaida, bali hukaribia mita 600. Wimbi lifikapo mwisho wa bomba, ambapo nafasi hupanuka ghafula, sehemu yake hurudi likiwa wimbi la kanieneo pungufu. Likiwahi kufika valini wakati vali ya kuingizia imeanza kufunguka na ile ya kutolea haijafunga, huvuta mabaki ya moshi na kuikaribisha hewa mpya. Hiyo ndiyo faida kubwa ya manifoldi ya mabomba, na ni faida ya kweli.

Tatizo ni wakati. Tuseme bomba lina urefu wa mita 1. Kwenda na kurudi ni mita 2, safari ya sekunde 0.0033 hivi, na muda huo haubadiliki kwa sababu dereva amekanyaga mafuta. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, katika muda huo krankishafti hugeuka digrii 60. Ikizunguka mara 6,000, hugeuka digrii 120. Kwa hiyo hakuna bomba liwezalo kuufaa kila mwendo. Bomba refu hufaa mizunguko michache, bomba fupi hufaa mizunguko mingi. Upana nao una hesabu yake: gesi ileile ikipitishwa katika bomba pana hupunguza kasi, na gesi iliyopunguza kasi haina msukumo wa kuvuta iliyo nyuma yake.

Sasa itazamwe pikapu ya petroli inayoteremsha kabichi na karoti kutoka Lushoto hadi Mombo, kisha ikaupanda mlima ikiwa na mifuko ya mbolea. Katika kazi hiyo injini yake hukaa kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 karibu wakati wote. Manifoldi ya mabomba mafupi na mapana, iliyobuniwa kwa gari la mashindano, huipa pikapu hii nguvu mahali ambapo haifiki kamwe, na huweza kuipunguzia pale inapoihitaji. Ikiwa manifoldi ya kusubu haijapasuka, uamuzi bora ni kuiacha ilipo. Ikiwa imepasuka na ya kiwandani haipatikani, basi yachaguliwe mabomba marefu na membamba, manne yanayoungana kuwa mawili, kisha mawili kuwa moja. Katika injini inayowaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2, silinda ya 1 huunganishwa na ya 4, na ya 2 na ya 3, ili vishindo vya kila jozi visigongane.

Pikapu za dizeli zenye tabochaja ni habari nyingine. Huko moshi huendesha tabini iliyofungwa papo hapo kwenye manifoldi, na chuma kizito cha kusubu hubeba uzito huo na kulinda joto. Kuibadilisha ni kutafuta matatizo.

Kuhusu madini yenyewe, wauzaji hupenda kutumia sumaku kuthibitisha kuwa bomba halishiki kutu. Kipimo hicho hudanganya: chuma chenye kromi asilimia 11 hivi huvutwa na sumaku, nacho hustahimili kutu vizuri kwenye ekzosi, kile chenye kromi 18 na nikeli 8 kwa kawaida hakivutwi, lakini hutanuka zaidi. Bomba la sentimita 50 likipashwa digrii 500 za Sentigredi hurefuka milimita 3 likiwa la chuma cha pua cha kawaida, na zaidi ya milimita 4 likiwa la aina hiyo ya pili. Msukumo huo huangukia flanji, bolti na gasketi. Ndiyo maana flanji nyembamba hupinda baada ya miezi michache, na moshi huanza kuvuja.

Uvujaji huo ndio jambo ambalo karakana nyingi hulipuuza. Katika magari yenye kipimaoksijeni, tundu dogo mbele ya chombo hicho huingiza hewa ya nje. Kompyuta ya injini hudhani petroli ni chache, ikaongeza, na mwenye gari hulipa kituoni bila kujua sababu. Lakini hasara ya petroli ni ndogo ikilinganishwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hupenya ndani ya kabini kupitia matundu ya pedali na nyaya, na dereva anayesinzia mlimani huenda akalaumiwa kwa kukosa usingizi.

Dalili ya kwanza husikika alfajiri, injini ikiwa baridi: mlio mwembamba wa tik-tik upande wa manifoldi, ambao hutoweka bomba linapotanuka na kuziba ufa. Mafundi wengine huuchukua mlio huo kuwa ni wa vali, wakaanza kurekebisha vali zisizo na kosa lolote.