Sheria Isiishie Kung'oa Meno

Jino likikuuma usiku wa manane huwazi habari za sheria. Watafuta tembe ya kutuliza maumivu, kisha wangoja kupambazuke. Hata hivyo, sheria ina mkono wake katika maumivu hayo.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu. Kinywa hakikutengwa. Aidha, tangu Oktoba 2024, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 humkata mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara wake. Sheria hiyo pia iliunda hazina ya kugharimia huduma za kimsingi katika zahanati na vituo vya afya.

Tatizo ni kwamba kiti cha daktari wa meno aghalabu kiko katika hospitali kubwa. Tundu dogo ambalo lingezibwa mapema huachwa hadi lifike kwenye neva, na mgonjwa hana budi kung'olewa jino. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Serikali za kaunti, ambazo ndizo husimamia vituo hivyo, zapaswa kuajiri maafisa wa afya ya meno na kuwapa vifaa huko mashinani.

Nawe msomaji, piga mswaki mara mbili kwa siku, punguza sukari, kisha mwulize mwakilishi wa wadi yako: kituo chetu kitapata kiti cha meno lini?