Jozi Kubwa Pekee? Hapana

Anayetushauri wacheza poka tupandishe dau juu ya dau, kabla ya karata za mezani, kwa jozi za ree au mfalme pekee anatuuza. Kati ya michanganyiko 1,326 ya karata mbili, jozi hizo ni 12 tu. Ukizingoja, siku ukipandisha meza nzima itakimbia.

Piga hesabu. Madau ya lazima ni 1 na 2, mwenzako kapandisha hadi 6. Wewe unaweka 18 kuwania 9. Akikimbia mara mbili kati ya tatu, hujapoteza kitu, hata kama ukifuatwa huambulii chochote. Na mkono wa hadaa kama ree na tano za shupaza huambulia kitu! Tena ree hiyo mkononi mwako inapunguza jozi zake za ree kutoka njia 6 hadi 3. Kwa king'ang'anizi asiyekimbia, hapo sawa: hadaa weka kando.