Kicheko Mahali pa Kazi

Kuna neno ambalo karibu kila mfanyakazi amelisikia kinywani mwa kapita: «Hapa hatukuja kucheka, tumekuja kufanya kazi.» Neno hilo lina sura ya ukweli, maana hakuna tajiri anayelipa mshahara kwa kicheko. Hata hivyo twadhani kwamba anayelisema hajawatazama vema watu wake. Awatazame wafyatuao matofali. Yule mwenye maneno ya kuchekesha akiwa hayupo, ikifika saa nane mikono imelegea, kila mmoja amenuna, na tofali lililovunjika linatafutiwa mwenye kosa.

Juma hili twataka kuwapa, wasomaji wapendwa, habari ya kiwanda kimoja cha Marekani. Mtaalamu wa elimu ya jamii, jina lake Donald Roy, aliajiriwa humo kama mtumishi wa kawaida, kisha akayaandika aliyoyaona katika makala iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1959. Jina la makala kwa lugha yetu ni «Saa ya Ndizi». Kazi yake ilikuwa kuweka kisu chenye umbo juu ya plastiki, kushusha mashine, kukisogeza kisu, kushusha tena. Hivyo tangu asubuhi mpaka usiku. Alikuwa katika chumba cha pembeni pamoja na wazee watatu: George, Ike na Sammy. Siku za kwanza miguu ilimwuma, saa hazikwenda, akafikiri kuiacha kazi.

Kisha akaanza kusikiliza. Kila asubuhi Sammy alileta ndizi katika chakula chake. Kila asubuhi Ike aliiiba, akapiga kelele, «Saa ya ndizi!», akaila. Sammy alilalamika, George alimkemea Ike, na Sammy naye akakemewa kwa kupiga kelele. Kesho yake Sammy alileta ndizi nyingine, naye hakuionja hata siku moja! Baadaye Ike hufungua dirisha ili baridi impige Sammy, na ugomvi ukaanza upya. Mwenye haraka atasema huo ni utoto wa wazee. Lakini Roy aliona kwamba michezo hiyo iliikata siku ndefu vipande vipande, kama vituo vinavyoikata safari ya mtu aendaye kwa miguu. Uchovu ukapungua, wala hakufikiri tena kuondoka.

Basi sikilizeni jinsi furaha hiyo ilivyovunjika. Binti wa George alikuwa ameolewa na mwana wa profesa, na wenzake walimheshimu mzee huyo kwa ajili ya ukwe huo. Siku moja Roy akatunga mzaha kwamba profesa yule hufundisha katika chuo cha vinyozi. George hakucheka. Alinyamaza, akaacha kusema na wenzake, na chumba kizima kikawa kama nyumba yenye matanga. Ndizi haikuibwa. Roy aandika kwamba katika siku hizo za kimya uchovu wa kwanza ulimrudia, ingawa mashine ilikuwa ile ile na saa zilikuwa zile zile. Zikapita karibu siku kumi na tatu kabla hawajapatana.

Yafaa kuuliza: kwa nini Sammy aliibiwa kila siku asikasirike, na George akaumizwa kwa neno moja? Ndizi ilikuwa kitu kidogo, na Sammy mwenyewe aliuleta mchezo kila asubuhi mkononi mwake. Lakini ukwe na profesa ulikuwa fahari ya George. Mtu anayesukuma mashine kutwa ana vitu vichache vya kujivunia. Ukimnyang'anya kimoja mbele ya wenzake, umemwachia nini?

Jirani zetu wa Tanzania wanaijua hekima hii katika utani wao. Msukuma na Mzaramo wakikutana hutukanana vikali, hata penye msiba, wala hakuna achukiaye, kwa sababu kila mmoja anajua tangu zamani nani ni mtani wake, na kila mmoja ana haki ya kujibu. Asiye mtani akiyasema maneno yale yale, ni tusi.

Haki hiyo ya kujibu ndiyo tunayoitilia mkazo. Mkubwa wa ofisi akimcheka tarishi kwa viatu vyake, makarani wote hucheka pamoja naye, na tarishi pia hucheka, maana afanyeje? Hicho si kicheko, ni kodi. Nasi hatusemi kwamba mkubwa asitanie. Atanie, mradi akubali kutaniwa.

Wako pia wanaoona haya kucheka kazini wakidhani ni dhambi. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, anasimulia habari ya zamani ya Mtakatifu Yohane: watu walichukizwa kumwona akicheza na wafuasi wake, naye akamwambia mmoja mwenye upinde apige mishale mfululizo. Yule akajibu kwamba upinde ukivutwa bila kulegezwa utavunjika. Tena Tomasi anafundisha kwamba mtu asiyefurahisha wenzake kamwe, na kuwazuia wengine wasifurahi, ana kosa, maana anawalemea. Aliweka mipaka pia: maneno yasiwe machafu, wala ya kudhuru, na yapatane na mtu, saa na mahali.

Kwetu sisi walimu, mipaka hiyo hujaribiwa kila Septemba, mwalimu mpya anapoingia na lafudhi ya kwao na koti la kuazima. Wazee wa shule hutamani kumtania siku ile ile ya kwanza. Wangojee kidogo. Wampe kiti, wamwulize habari za nyumbani, wamwache yeye kwanza acheke jambo lake mwenyewe. Baada ya majuma machache huenda koti hilo likawa ndizi ya kila asubuhi, na mwenye koti ndiye atakayeanza.