Obokote: Pikapu mpya inakuja na matairi ya mjini

Pikapu mpya inapofika Lubutu, watu wanaangalia kwanza kama ni 4x4, kisha injini, kisha rangi. Matairi yanaangaliwa mwisho, na mara nyingi gari likiwa limekwisha kuzama kwenye matope hadi milangoni. Hapo ndipo swali linatokea: je, matairi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani yanatosha kwa barabara za Obokote wakati wa mvua? Kwa pikapu nyingi zinazonunuliwa leo, jibu ni hapana. Na wanaonunua magari hayo kwa pesa ya umma au ya wafadhili wana njia ya kulijua jibu hilo kabla ya kutia sahihi.

Sekta ya Obokote, kaskazini mwa Maniema, iko karibu sana na mstari wa ikweta. Kindu, makao makuu ya mkoa, angalau inapata kiangazi kifupi kati ya Juni na Agosti. Huku Lubutu mvua haichukui likizo ndefu namna hiyo. Barabara ya taifa namba 3, inayotoka Kisangani kwenda Bukavu kupitia Lubutu na Walikale, ina vipande vya lami ya zamani, na katikati ya vipande hivyo ni udongo na mashimo. Upande wa Walikale lami hiyo ilikuwa imara kiasi kwamba, miaka ya 2000, ndege ndogo zilitua juu ya barabara pale Kilambo kubeba kasiterite. Lakini anayeiacha barabara hiyo na kushuka Punia hadi Kindu anakutana na udongo.

Kiwanda hakikukosea. Tairi la kawaida la pikapu limetengenezwa kwa ajili ya mteja wa kawaida, na mteja huyo duniani anatembea kwenye lami. Anataka gari lisipige kelele, lisinywe mafuta mengi, lisimame vizuri lami ikiwa imelowa. Kwa hiyo meno ya tairi yanawekwa karibu karibu, na mifereji kati yake ni myembamba. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, mifereji hiyo inajaa baada ya mizunguko michache tu. Tairi linakuwa laini kama chupa. Hapo 4x4 haina msaada mkubwa: badala ya magurudumu mawili kuzunguka bure, yanazunguka manne.

Muuzaji ana jibu lake tayari. Ataonyesha ubavuni mwa tairi herufi M+S na kueleza kwamba M ni matope na S ni theluji. Maana ya herufi ni hiyo kweli. Jambo ambalo halisemwi dukani ni kwamba mtengenezaji anaziweka mwenyewe, kwa kuangalia umbo la meno, bila tairi kupitishwa kwenye jaribio lolote la matope. Hata huko zilikozaliwa, kwenye nchi za baridi, herufi hizo zimepoteza imani. Ujerumani inalazimisha matairi ya baridi barabara ikiwa na theluji au barafu, na tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haikubaliki tena. Lazima tairi liwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, inayotolewa baada ya jaribio. Ikiwa Mjerumani haamini S bila jaribio, mkaaji wa Obokote ataiamini M kwa sababu gani? Kwa matope, hakuna hata alama ya majaribio ya kuomba.

Kinachobaki ni kuangalia tairi lenyewe. Tairi la matope lina meno makubwa yaliyoachana, ili udongo utupwe nje gurudumu linapozunguka. Lina pia ubavu mnene, na hilo lina uzito wake kwenye namba 3, ambako kingo za lami iliyovunjika zinakata kama panga. Wembamba wa tairi unasaidia vilevile. Land Cruiser za zamani zenye matairi ya 7.50R16 hazipendezi macho, lakini tairi lile linapasua tope na kutafuta udongo mgumu chini. Pikapu za kisasa za bei ya juu zinakuja na matairi mapana yenye ubavu mfupi, kwenye rimu za inchi 17 au 18. Ni mazuri sana kwa kuegesha mbele ya hoteli.

Hata hivyo, kununua tairi lenye meno makubwa kuliko yote sokoni si dawa ya kila gari. Tairi la namna hiyo likitembea sana kwenye lami linaisha haraka, linapiga kelele, na lami ikilowa linachelewa kusimama. Gari linaloshinda mjini Kindu na kutoka mara chache linafaa tairi la kati, la lami na udongo pamoja. La Obokote linalozunguka vijijini linahitaji la matope. Yote mawili yasomwe namba za ubavuni. Tairi lenye namba ya mzigo 112 linabeba kilo 1120, lenye 104 linabeba 900, na tofauti hiyo inaonekana pikapu inapopakiwa magunia ya mchele na watu kumi na wawili juu yake. Kisha kuna namba nne za tarehe: 3521 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi lenye meno mazima lakini la miaka kumi ni mpira uliokauka.

Wako watakaosema shida ni barabara, wala si tairi. Ni kweli, na serikali haina ruhusa ya kuificha kweli hiyo nyuma ya tairi zuri. Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, upo tangu 2008, na kila anayenunua mafuta anauchangia. Wakaaji wa Lubutu wana haki ya kuuliza mchango huo unafika wapi. Lakini barabara haitatengenezwa kabla ya wiki ijayo, na gari linanunuliwa leo.

Lipo pia jambo ambalo wenye matairi ya meno marefu hawapendi kusikia. Vizuizi vya mvua vimewekwa ili udongo ukauke kabla ya magari kupita. Dereva mwenye gari lenye nguvu anampa mlinzi kitu kidogo, anapita mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, na nyuma yake anaacha mifereji miwili mirefu. Kesho yake mifereji hiyo ni ya mwenye pikipiki aliyebeba mgonjwa, na ya mwenye baiskeli anayesukuma mafuta ya mawese. Tairi zuri ni la kupita salama baada ya kizuizi kufunguliwa.

Turudi kwa wanunuzi. Katika mkoa huu pikapu nyingi mpya ni za huduma za serikali, miradi na mashirika. Orodha ya masharti inaandikwa Kinshasa au ng'ambo: nguvu ya injini, idadi ya viti, redio, hewa baridi. Kwenye matairi inaandikwa tu kwamba gari liwe na tairi la akiba. Gari la kanda ya afya ya Obokote, ambalo siku moja litabeba chanjo kwenye barafu na siku nyingine mama mwenye uchungu kuelekea hospitali ya Lubutu, linaandikiwa masharti sawa na gari la ofisi ya mjini. Mwito wa zabuni unaweza kutaja aina ya meno, namba ya mzigo, mwaka wa kutengenezwa, matairi sita badala ya matano, na pampu ya upepo ili dereva apunguze upepo kwenye tope na kuurudisha akifika pagumu. Unaweza pia kuweka kando pesa ya kubadilisha matairi yakiisha, maana miradi mingi ina bajeti ya mafuta kila mwezi na haina hata franka moja ya mpira.

Kwa sasa gari linapolala porini na chanjo zikaharibika, anayepewa barua ya kuombwa maelezo ni dereva. Aliyetia sahihi kwenye karatasi ya ununuzi haombwi chochote.