UCHAMBUZI: Australia ina jukwaa Ulaya, Burundi haina Nairobi

MKAZI wa mtaa wa Membley, mjini Ruiru, anaweza kumpigia kura mwimbaji wa Australia katika shindano la nyimbo la Eurovision. Tangu 2023, watazamaji wa nchi zisizoshiriki wameruhusiwa kupiga kura kwa intaneti, na kura zao zote huhesabiwa kana kwamba zimetoka nchi moja. Mkazi huyo huyo, hata hivyo, hana shindano la kanda hii ambamo anaweza kumpigia kura mwimbaji wa Burundi.

Zamani alikuwa nalo. Kati ya 2006 na 2013, vijana wa Afrika Mashariki walichuana jijini Nairobi katika Tusker Project Fame, shindano lililobeba jina la bia inayotengenezwa Ruaraka, kando ya barabara ile ile ya Thika inayopita Membley. Valerie Kimani wa Kenya alitwaa taji la kwanza. Mwaka 2009 lilikwenda Rwanda kwa Alpha Rwirangira, na 2013 likaenda Burundi kwa Hope Irakoze.

Ushindi wa Irakoze ulikuwa na maana kubwa. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, pamoja na Rwanda, na idadi ya watu wake haikufika robo ya Wakenya. Kura za simu zingalifuata mipaka ya nchi pekee, ingalikuwa vigumu mno kwake kushinda. Hata tukikubali kwamba kura za Wakenya ziligawanyika, ni dhahiri kuwa wapo waliosikiliza sauti kabla ya kuuliza pasipoti.

Baada ya hapo pazia likashuka. Mwaka 2019 East Africa's Got Talent iliwaleta pamoja washiriki wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kwa msimu mmoja tu. Burundi haikuwamo.

Tofauti na Ulaya si vipaji, bali ni mwenye jukwaa. Eurovision ilianzishwa 1956 mjini Lugano, Uswisi, ikiwa na nchi 7, chini ya muungano wa mashirika ya utangazaji ya umma. Australia, iliyo mbali kabisa na Ulaya, ilialikwa 2015 kupitia shirika lake la umma, SBS. Mwaka uliofuata Dami Im akashika nafasi ya pili, na mwaliko wa sherehe ukawa ushiriki wa miaka mingi. Jukwaa la mfadhili mmoja, kinyume chake, hudumu kwa kadiri linavyomfaa katika biashara yake.

Wapo watakaosema kuwa KBC, TBC, UBC na RTNB hazina fedha. Ni kweli kwamba hazijajaliwa utajiri. Lakini huko Ulaya mashirika huchangia gharama, na hakuna moja linaloubeba mzigo wote peke yake. Viongozi wetu wametia saini mikataba ya forodha na ya soko la pamoja. Wananchi, ambao mikataba hiyo huwafikia kwa nadra, waliwahi kuuonja umoja huo kwa kumshangilia kijana wa nchi jirani. Hilo halikupaswa kuachiwa bajeti ya matangazo ya bia.