Jina la kijana lina wachafuzi wengi

Vijana wetu wamechoshwa na onyo moja: chunga unachoweka mtandaoni, kesho kitakuumbua. Onyo lenyewe ni la kweli. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kiliwafutia nafasi wanafunzi wasiopungua 10 waliokwisha kupokelewa, kwa sababu ya picha za dhihaka walizorushiana kwenye kundi la Facebook. Kundi lilikuwa la faragha, lakini yaliyomo yalivuja.

Ninachokataa ni kumtwika kijana mzigo wote. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hapo hakuna mwanafunzi aliyekosea.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Ni hatua kubwa, ila ina pengo: mara nyingi ni mzazi huyo huyo anayeanika ripoti ya shule yenye alama mbovu, au video ya mtoto akilia baada ya kuadhibiwa. Binti wa miaka 15 haulizwi. Jimbo la California nalo, tangu 2015, linampa aliye chini ya miaka 18 haki ya kufuta alichokiweka mwenyewe. Kilichowekwa na mwingine hakimo, na hicho ndicho kinachoumiza zaidi.

Chukua video ya sekunde chache: msichana amevaa sare, anacheza muziki. Kaiweka status ya WhatsApp akijua itatoweka baada ya saa 24. Mwenzake anaihifadhi. Jioni imeshafika kwenye kundi la wazazi, sura wazi, nembo ya shule kifuani, chini yake maneno "watoto wetu wanaelekea wapi?" Kila anayeisambaza anaamini anakemea, kumbe ndiye anayeifikisha mahali ambapo mwenyewe hawezi tena kuifuta.

Wapo wanaosema aibu ni mwalimu, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nawaelewa, lakini ulimwengu wa sasa hausahau. Adhabu inaendelea miaka mingi baada ya kosa kwisha. Na kijana aliyezoeshwa kuaibishwa huficha. Akitishiwa kuvujishiwa picha ya utupu, atalipa pesa kimyakimya badala ya kumwambia baba.

Msaada upo. Take It Down, huduma ya bure iliyotangazwa Marekani mwaka 2023, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo ndani ya simu ya mhusika; picha yenyewe haiondoki kwenye simu. Alama hupelekwa kwa mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili picha itafutwe na kuondolewa. Jina halihitajiki. Kinachohitajika ni mtu mzima wa kukaa naye wakati anajaza fomu ya huduma hiyo, asiyeanza na "kwa nini ulijipiga picha?"

Ila huduma hiyo haifiki ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji, kama ya WhatsApp. Huko, video ya yule msichana inaweza kukomeshwa tu na mzazi aliyeipokea: aifute, awaombe wenzake kundini waifute, kisha ampigie simu mama wa msichana huyo kabla shule haijafanya hivyo.